Bendera ya Ndui

Bendera zote za mlingoti ule wa kuongozea meli zilishonwa na Johari binti Kibwana. Zile za kwanza serikali ya Wadachi ilizileta kutoka Dar es Salaam ndani ya sanduku la mbao, lakini upepo wa mdomo wa mto na chumvi yake havikuzipa hata mwaka. Zilichanika, zikapauka, mpaka nyekundu ikafanana na nyeupe chafu. Mumewe, Miraji, akaomba aletewe vitambaa tu. Johari akakaa barazani mwezi mzima na mkasi na sindano, akazitoa moja baada ya moja: yenye msalaba wa manjano juu ya nyekundu, yenye duara jeusi katikati, yenye mkia uliopasuka kama wa mbayuwayu.

Miraji alikuwa mzaliwa wa Mbwera, lakini ujana wake wote aliumalizia baharini. Miaka kumi na minane alipanda merikebu za matanga, akafika Bombay, akafika Maskati, akafika hata Ulaya mara mbili. Huko ndiko alikojifunza maneno ya bendera. Alikuwa akisema kwamba merikebu mbili zikikutana katikati ya bahari, kila moja imekaa miezi miwili bila kuona nchi, hakuna sauti ya mtu inayoweza kuvuka maji yale. Bendera ndiyo ulimi. Unapandisha mbili au tatu kwenye kamba, na mtu usiyeijua lugha yake anajua kwamba maji yako ya kunywa yamekwisha, au kwamba huko unakotoka kuna dhoruba.

Aliporudi nyumbani, Wadachi walikuwa wamesimamisha mlingoti kwenye mchanga wa mdomo wa mto, ili meli zinazokuja kupakia boriti zijue kina cha maji kabla ya kuingia. Hapakuwa na mtu mwingine kati ya Mohoro na Mbwera anayeijua kazi hiyo. Wakampa nyumba ya makuti chini ya mlingoti, darubini ya shaba, tarumbeta la kupigia wakati wa ukungu, na makapu manne meusi ya duara. Kapu moja juu ya mlingoti ni pima moja ya maji, makapu mawili ni pima mbili.

Hawakujaaliwa mtoto. Mchana ulikuwa mrefu pale mchangani, na Miraji akamfundisha mkewe. Maneno yote ya bendera aliyoyajua aliyaandika kwenye daftari kwa herufi za Kiarabu, na Johari, aliyesoma chuoni Mbwera, aliyafuata bila taabu. Miraji alichora bendera upande mmoja, upande wa pili maana yake: *Nataka rubani. Kuna hatari mbele yako. Nina mgonjwa.*

"Na hizi wanazopandisha meli zikifika?" Johari alimwuliza siku moja. "Hizi hazimo daftarini."

"Hayo ni majina," Miraji alijibu. "Kila bendera ni herufi ya Kizungu, wanaendeleza herufi kwa herufi. Majina niachie mimi. Wewe shika maneno."

Johari hakujua hata herufi moja ya Kizungu, wala hakuona haja ya kuijua. Mwenye kujua alikuwa pale.

Vita vilipoanza kwenye milima ya Matumbi, habari zilifika mdomoni vipande vipande, zikiletwa na wakata mikoko. Kwamba watu wameng'oa pamba ya serikali. Kwamba kuna maji ya dawa yanatolewa huko Ngarambe, na aliyeyanywa risasi haimpati. Kwamba Samanga imechomwa moto. Miraji alisikiliza, akatikisa kichwa, akaenda kupima kina cha maji kama kawaida yake.

Mwezi wa Jumadi unakwisha, akida wa Mohoro alifika kwa mtumbwi pamoja na askari wawili. Hakuketi.

"Waya wa simu umekatwa," alisema. "Nguzo zimelala chini kutoka Mohoro mpaka karibu na Kilwa. Boma halina tena njia ya kusema na Dar es Salaam isipokuwa kwa meli, na meli iliyoko nje haina mtu wa bendera. Wa kwao anaumwa homa. Utapanda leo."

"Na mlingoti huu, bwana akida?"

"Utafungwa."

"Ukifungwa, meli hazitaingia," Miraji alisema. "Mke wangu anaiweza kazi hii."

Akida alicheka. Kisha akatazama mchanga, nyumba moja, na mikoko isiyo na mwisho, akaacha kucheka. "Basi na akae," alisema.

Miraji aliondoka na kikoi kimoja cha akiba. Alipokuwa anaingia mtumbwini alimwambia Johari, "Meli itapita hapa kila inapokwenda na kurudi. Nitakusalimu."

Na kweli alimsalimu. Mara mbili katika majuma yaliyofuata meli ilipita nje ya mkondo, na kila mara bendera zilipanda juu haraka na kwa mnyooko mmoja, kama alivyozipandisha siku zote: *Safari njema.* Yalikuwa maneno ya kuagana, hayafai kwa salamu, lakini daftari halikuwa na salamu nyingine. Johari alipandisha hayo hayo kumjibu. Kisha alibaki amesimama na kamba mkononi mpaka moshi upotee.

Asubuhi moja katikati ya Rajabu, mitumbwi mitatu ilitoka kwenye kijito nyuma ya nyumba. Mtu wa mbele alikuwa Mtoro, mdogo wake Johari, aliyekuwa akilima mpunga nje ya Mohoro. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kaniki, na kaniki ilikuwa imekauka damu. Nyuma yake walikuwa wanawake, wazee, na watoto, jumla watu ishirini na watatu. Hapakuwa na mwanamume mzima kati yao isipokuwa Mtoro.

"Askari wamechoma vijiji vyote upande wetu," alisema. "Na ghala za mpunga pia. Tunataka kuvuka kwenda visiwa vya Mbwera, dada. Kule mikokoni hawatatufuata."

Johari aliutazama mkono wake. "Uliyanywa yale maji?"

"Niliyanywa. Nani hakuyanywa?"

"Na?"

"Tulikwenda watu arobaini," Mtoro alisema. "Tumerudi tisa."

Johari aliingia ndani. Aliwapa maji na mihogo iliyokuwepo, akawaambia kwamba hawawezi kuvuka. Maji yalikuwa yamekupwa, mkondo wa kwenda Mbwera umebaki tope tupu. Wangoje maji yajae, baada ya adhuhuri. Wakaingia kwenye mikoko kando ya mchanga wakakaa humo, tope likiwafika magotini. Bibi mmoja aitwaye Sikujua, mzee kuliko wote, alikuwa na mjukuu mgongoni aliyekuwa akilia bila kukoma.

Saa tatu hivi moshi ulionekana upande wa kusini.

Johari alichukua darubini. Ilikuwa meli ya Miraji. Ilikuwa inatoka Kilwa, na sitaha ya mbele ilikuwa nyekundu kwa kofia za askari. Haikuwa inapita kama siku zote. Ilikuwa imegeuza pua kuja mdomoni.

"Inaingia?" Mtoro aliuliza nyuma yake.

"Inaingia. Wanakwenda Mohoro."

"Waambie hakuna maji."

"Nikiwaambia hakuna maji watashusha mashua," Johari alisema. "Mashua haina haja ya kina. Zitapita hapa hapa, mbele ya mikoko hii."

Mtoro alitazama nyuma. Sauti ya mjukuu wa bibi Sikujua ilisikika wazi mpaka pale chini ya mlingoti. "Basi tumekwisha," alisema.

Johari alikwenda kwenye sanduku. Ilikuwemo bendera moja isiyo na alama wala mstari, ya manjano tupu, ambayo ilikuwa nyepesi kuishona kuliko zote na ambayo hawakuwahi kuipandisha. Ilikuwa bendera ya ndui. Mahali inapopepea hakuna mtu wa meli anayeweza kushuka, wala mtumbwi wa nchi kavu kwenda melini, hata kama aliyemo ni bwana mkubwa wa serikali. Miraji alikuwa amemwambia kwamba bendera zote nyingine mtu anaweza kubishana nazo, hii hapana.

"Shemeji si yumo mle?" Mtoro aliuliza alipoiona.

"Yumo."

"Atajua kuwa ni uongo."

"Akijua atanyamaza," Johari alisema, akaifunga kwenye kamba, akavuta.

Meli ilipunguza mwendo, kisha ikasimama, ikatia nanga nje ya mchanga wa mdomoni. Kwa muda mrefu hapakuwa na lolote. Halafu bendera zikaanza kupanda, na Johari aliona kitu ambacho baadaye alikikumbuka kila siku ya maisha yake: zilikwama. Zilipanda nusu, zikashuka, zikapanda tena zimejikunja. Mkono ule haukuwa mkono wa Miraji. Alidhani Miraji yuko kwa nahodha, anamwelezea habari za pale, na baharia mwingine ameshika kamba.

Hakuwa na haja ya daftari kuzisoma. *Nina mgonjwa.*

"Wanasema nini?" Mtoro aliuliza.

"Wana mgonjwa. Wanataka kumshusha."

"Wote wana wagonjwa. Na sisi tuna wagonjwa." Alikuwa ameshika mlingoti kwa mkono wake mzima kana kwamba anauzuia usianguke. "Usiishushe, dada. Wakimleta mgonjwa wataleta na askari wa kumbeba."

Johari hakuishusha. Meli ilisubiri. Kisha bendera zile ziliteremshwa, na nyingine tatu zikapanda: ya buluu yenye msalaba mweupe wa kukingama, ya manjano yenye duara jeusi, nyekundu yenye msalaba wa manjano. Zikakaa kitambo, zikashuka, zikafuata tatu nyingine: ile ya mkia wa mbayuwayu, kisha ya buluu yenye mstari mweupe katikati, na mwisho ile ya manjano yenye duara jeusi tena.

Johari alifungua daftari. Alipekua kurasa zote, akarudia, kidole kikipita juu ya michoro. Hazikuwemo. Alipotazama tena kwa darubini, zile tatu za kwanza zilikuwa zimepandishwa mara ya pili, na baada yake zile nyingine, pole pole, kama mtu anayerudia neno kwa kiziwi.

"Na sasa wanasema nini?"

"Sijui," Johari alisema. "Hizi sizijui."

Alifikiri huenda ni jina la meli. Alifikiri huenda ni jina la ofisa. Jina jingine halikumjia, kwa sababu mtu aliyekuwa akimfikiria alikuwa, akilini mwake, mzima, amesimama karibu na nahodha na mikono nyuma. Upepo ulikuwa umeikamata bendera ya manjano na kuitandaza yote. Johari alizungusha kamba mara mbili zaidi kwenye kigingi, akaiacha.

Kabla ya adhuhuri meli iling'oa nanga. Iliondoka bila kupandisha *Safari njema*. Ilielekea kaskazini, Dar es Salaam, na maji yalipojaa mitumbwi mitatu ilivuka kwenda Mbwera bila kuonwa na mtu. Mtoro aliagana na dada yake kwa kumshika bega.

Siku hamsini zilipita. Hakuna aliyekuja kutoka Mohoro, hakuna meli iliyokaribia, na Johari aliishusha bendera ya manjano peke yake baada ya juma moja. Mwezi wa Ramadhani uliandama. Siku ya tano ya kufunga meli ilionekana tena ikitoka kaskazini, ikatia nanga mbali, ikashusha mashua ndogo. Ndani yake walikuwa daktari wa Kidachi, wapiga makasia wanne, na baharia mmoja mwenye kofia nyeupe ambaye Johari alimfahamu. Alikuwa Abdulkarimu, mtu wa Mafia, aliyewahi kusafiri na Miraji zamani na kulala nyumbani kwao.

Daktari alikuja kutazama ndui. Abdulkarimu alimtafsiria.

"Anauliza wagonjwa wako wapi."

"Walikuwa wapita njia," Johari alisema. "Wameondoka."

"Wamekwenda wapi?"

"Sikuwauliza. Nani anamkaribia mtu wa ndui?"

Daktari aliingia ndani ya nyumba, akatoka, akaandika kwenye kitabu chake kidogo, akaenda kutembea kandokando ya mchanga akitazama ndege kwa darubini yake mwenyewe. Alikwisha maliza kazi. Johari, ambaye siku hamsini hizo alikuwa akijitayarisha kwa maswali makali kuliko hayo, alimtazama mpaka akawa mbali. Akamgeukia Abdulkarimu.

"Na Miraji? Mbona hakuja mashuani?"

Abdulkarimu alivua kofia. Alimtazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

"Shemeji," alisema, "hukupata habari? Tuliipeleka Mohoro kwa simu kutoka Dar es Salaam."

"Waya umekatwa," Johari alisema.

"Ah." Abdulkarimu aliketi chini, pale pale mchangani. "Ah, kweli. Umekatwa."

Akamweleza. Miraji alipigwa risasi ya gobore pajani walipokuwa wanashusha askari kusini. Mwanzo halikuonekana jeraha kubwa. Siku ya tatu mguu ukavimba ukawa mweusi, na homa ikampanda. Alimwomba nahodha amshushe kwenye mlingoti wake, afie kwake au apone kwake. Nahodha akakubali, kwa kuwa hata hivyo walikuwa na askari wa kupeleka Mohoro.

"Tukakuta bendera ya ndui," Abdulkarimu alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamba. Mimi si mjuzi, Miraji alikuwa amelala kwenye turubai ananielekeza. Tukakwambia tuna mgonjwa, ukakaa kimya. Basi akasema, 'Endeleza jina langu, apate kujua ni mimi.' Nikaliendeleza. Mara mbili."

"Ya buluu yenye msalaba mweupe," Johari alisema.

"Ndiyo. Ndiyo ya kwanza."

"Na ya mkia."

"Hizo hizo, shemeji. Ulizisoma?"

Johari aliutazama mlingoti. Abdulkarimu akaendelea. Nahodha alishuku. Alimwuliza Miraji kama kweli kuna ndui pale, kwa maana yeye ndiye mwenyeji. Miraji akaomba darubini. Wakamwinua kwa mabega, akatazama mlingoti, akatazama nyumba, halafu akatazama mikoko kwa muda mrefu.

"Mimi nilikuwa nimemshika," Abdulkarimu alisema. "Akaniambia kwa sauti ndogo, 'Kuna watoto mle.' Nikamwuliza watoto wa nani. Akasema ninyamaze. Akamgeukia nahodha akamwambia, 'Ni ndui, bwana. Msishuke.' Akalala."

"Akasema nini tena?"

"Hakusema tena. Alfajiri ya pili yake alifariki. Tulikuwa kati ya Mafia na bara, jua kali, na Dar es Salaam bado. Tulimwosha sisi Waislamu watano tuliokuwemo, tukamsalia, tukamteremsha. Nilimwelekeza kibla mwenyewe mpaka maji yakamchukua."

Daktari alikuwa anarudi. Wapiga makasia walisimama wakajikung'uta mchanga.

"Abdulkarimu," Johari alisema, na sauti yake ilikuwa kavu, "alijua kwamba mimi sizijui herufi?"

"Vipi?"

"Majina. Sikufundishwa majina. Nilizitazama nikafungua daftari hazikuwemo. Je, alikumbuka hilo? Au alikufa akidhani nimemsoma, nikamwacha?"

Abdulkarimu aligeuza kofia yake mikononi. Alikuwa mtu mwema, na angeweza kudanganya. "Sijui, shemeji," alisema. "Hakusema."

Mashua iliondoka.

Mwalimu wa Mbwera, alipoulizwa, alisema kwamba eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, huhesabiwa tangu siku mume alipofariki, si tangu siku habari ilipofika. Kwa hiyo Johari alikuwa amekwisha kukaa siku hamsini za eda bila kujua, akiwa amejipaka hina na kutazama bahari kwa darubini, akingoja moshi. Zilibaki themanini. Alizikaa ndani ya nyumba ile, amefunga mlango. Meli mbili zilifika katika siku hizo, zikapiga honi nje ya mdomo zikitaka kujua kina cha maji. Alizisikia. Ya pili ilipiga honi tangu asubuhi mpaka alasiri.

Alipotoka edani serikali ilikwisha leta mtu mwingine wa bendera. Mtoro alikuwa amekamatwa Nyamwage, alikokwenda kutafuta mbegu za mpunga, akapelekwa Mohoro kwa mnyororo na kunyongwa huko pamoja na wengine sita. Johari alihamia Mbwera kwa bibi Sikujua, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda pengine.

Mwaka ule hapakuwa na mpunga. Njaa iliyofuata vita iliua watu kuliko vita vyenyewe, na wale ishirini na watatu waliovuka walikwisha punguka wakawa kumi na mmoja. Mjukuu wa bibi Sikujua alikuwa miongoni mwa waliotangulia. Wanawake wale wawili walikwenda kila siku kuchimba ndiga, kiazi cha porini chenye sumu, ambacho mtu hakigusi isipokuwa amekosa kila kitu.

Siku moja, wakiwa shimoni, bibi Sikujua alimwuliza Johari mumewe alifia wapi. Johari akamweleza yote, mara ya kwanza kumweleza mtu. Bibi Sikujua aliacha kuchimba.

"Alikuwa mle? Kwenye meli ile ile?"

"Ile ile."

Bibi Sikujua alijikung'uta udongo mikononi. "Wakati ule mimi nilikuwa nimemziba mtoto mdomo kwa kiganja," alisema. "Nilimziba mpaka nikaogopa nimemuua."

Ndiga ilitaka kulowekwa siku tatu katika maji yanayotembea kabla ya kuliwa, na jua lilikuwa linapanda. Johari alishika jembe akaendelea pale mwenzake alipoachia.